Gramafoni Ndani ya Eda

29 Machi 1970

Leo gramafoni nayo imekufa. Nasema nayo kwa sababu hata mwezi haujatimia tangu tumzike mume wangu Silima, na mimi nipo humu ghorofani nimekaa eda, kizuka mwenye nguo nyeupe, sitoki wala sionwi na mwanamume asiye maharimu wangu, anayeweza kunioa, mpaka mwanzo wa Julai. Tangu msiba hatujaifungua. Leo baada ya alasiri nikasema niwashe redio yake nisikilize Kurani, maana hilo hakuna wa kunilaumu. Ikanguruma, ikatoa maneno mawili yaliyokwaruza, kisha kimya. Nikazungusha kila kifundo. Kimya.

Mama mkwe wangu, Bi Mwatum, alikuwa dirishani na tasbihi yake. Alikuja kutoka Makunduchi siku ya maziko, na amesema atakaa nami mpaka eda ishe. "Iache," akasema. "Na yenyewe ina haki ya kupumzika." Ndiyo maneno marefu aliyonambia juma hili.

30 Machi

Mvua kutwa. Nimeshona kofia mpaka macho yameuma.

1 Aprili

Najishangaa ninavyokitaka kitu nilichokuwa nikikichukia. Ni sanduku la mbao lenye miguu minne, mzigo wa hamali wawili, redio upande mmoja na pahala pa kuchezea santuri upande wa pili. Silima aliileta mwanzoni mwa mwaka jana, na toka siku hiyo sikuwa na mume, nilikuwa na klabu. Jioni alifungua madirisha yote ili watu wa barazani chini wasikie, akawa anabadilisha santuri na kuwauliza kwa sauti wanataka ipi. Mimi jikoni napiga kelele, "Punguza!" Hakupata kupunguza hata siku moja.

Sasa nyumba imetulia kama nilivyokuwa nikiomba, na naona naogopa. Mama mkwe akigeuza ukurasa wa msahafu nashtuka. Usiku si kitu, usiku watu wote wamenyamaza. Ni huu mchana wa mvua unaonimaliza.

4 Aprili

Wanu, shoga yangu wa nyumba ya pili, kanipelekea karatasi ya garantii dukani kwa Muhiddin, alikoinunua Silima. Karudi kalowa chapachapa, na kabla hajavua buibui kanisimulia. Muhiddin kavaa miwani, kasoma mbele na nyuma, kavua miwani. Garantii ya mwaka mmoja, na mwaka umekwisha Februari. Februari! Silima alikuwa mzima na yenyewe ilikuwa nzima, tukila na kucheka, karatasi inakufa taratibu ndani ya mtoto wa meza.

"Nkamwambia, Bwana Muhiddin, huyu kafiwa," anasema Wanu. "Kasema, 'Nnajua, na mimi nlikuwepo maziko. Lakini garantii imekwisha, na aliyeitia saini naye keshakwisha. Mimi huko ilikotengenezwa ntamdai nani?'"

Nilikasirika, nikamwita Muhiddin majina ambayo kizuka hafai kuyatamka. Kisha Wanu akatoa kifuani pakiti ya sindano za santuri. Muhiddin kanipa, pole ya msiba. Sindano za mashine isiyozunguka! Nimecheka peke yangu, mara ya kwanza tangu maziko, na Bi Mwatum akanitazama.

5 Aprili

Kaja shemegi Borafya, mdogo wake Silima, mkulima wa huko huko Makunduchi. Kaleta muhogo, nazi na pweza mkavu. Kwa vile shemegi si maharimu alikaa ngazini, nyuma ya pazia, akalihutubia pazia.

Mambo yake mawili. La kwanza, hakitoki kitu cha marehemu humu, hata kijiko, mpaka mirathi igawiwe. Warithi ni watatu: mama yao, yeye, na mimi. "Na hiyo gramafoni ndiyo mali kubwa humu ndani. Ingekuwa nzima tungeiuza tukagawana kwa sharia."

La pili, eda ikisha, nyumba hii waliyoachiwa na baba yao itafungwa mpaka apatikane mpangaji, na mimi nitakwenda kukaa kwake. "Wewe ni wetu, shemegi. Sikukuu yetu ya Mwaka Kogwa isikukute mjini peke yako. Mimi ntakusitiri."

Kusitiri maana yake naijua. Ana mke tayari, mwanamke mwema anayechelewa kulala na kuwahi kuamka, na mimi nitakuwa wa pili wa kuwahi kuamka. Sikujibu. Kizuka haulizwi kwa nini kanyamaza, na hiyo ndiyo faida ya eda niliyoigundua leo.

Ningekuwa na pa kukimbilia ningemjibu. Kwetu Chukwani kaka yangu ana vyumba viwili na watoto wamejaa mpaka chini ya kitanda.

9 Aprili

Bi Mwatum kasema mchuzi chumvi imezidi. Haikuzidi.

12 Aprili

Wanu kaja na wazo. Anasema arusi za mtaani siku hizi watu wanahangaika, kikundi cha taarabu hakipatikani kwa urahisi, na mwenye gramafoni na santuri nzuri akitia nia hakosi kazi wiki nzima. "Likifufuka hili sanduku, likawa fungu lako, shoga, humfuati mtu Makunduchi. Utapanga chumba hapa hapa mtaani, ule jasho lako."

Nikamwambia likifufuka litauzwa, hukumsikia Borafya? Akasema tulifufue kwanza, mengine baadaye. Wanu ndivyo alivyo, anapika kwanza kisha ndiyo anauliza wageni wangapi. Lakini sikulala vizuri kwa kufikiri. Kofia peke yake haziniweki mjini. Kofia na gramafoni zingeniweka.

16 Aprili

Wanu kamleta fundi redio, Masoud, mwenye kibanda Darajani. Ilikuwa kazi. Mashine haiwezi kutoka, Borafya kakataza. Ngazini hakuna plagi, umeme uko chumbani tu. Na Masoud hawezi kuingia chumbani, kwa sababu Bi Mwatum kaweka kigoda chake mbele ya pazia, kakaa, kasema, "Mwanamume hapiti hapa mpaka eda ishe. Labda anipite juu ya kichwa."

Nikadhani basi. Masoud akakohoa huko ngazini. Ana sauti nzito, ya mtu mnene.

"Bi Shemsa, una mikono?"

"Mikono ninayo."

"Wanu kanambia unashona kofia."

"Nashona."

"Basi wewe utakuwa mikono, mimi ntakuwa ulimi. Bi mkubwa hapo katikati, hatupotei."

Bi Mwatum hakucheka, lakini hakukataa. Masoud akapitisha bisibisi chini ya pazia. Somo la kwanza likawa moja tu. Ndani ya mashine, anasema, kuna umeme unaolala hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na ukiugusa unaamka na hasira zake. "Ukishachomoa, kaa kitako, soma Yasini nzima. Ukimaliza ndiyo utie mkono." Nikachomoa, nikasoma. Mbio mbio, nakiri. Nikatia kidole nyuma ya sanduku, nikarushwa mpaka kwenye kitanda.

"Umeruka aya," akasema Bi Mwatum.

20 Aprili

Mkono bado una ganzi. Leo nimesoma Yasini polepole, herufi kwa herufi. Nimefungua ubao wa nyuma, nikamweleza Masoud ninachokiona: vichupa vya kioo vimepangwa, waya za rangi, vumbi. Kasema kwa hakika kichupa kimoja kimeungua. Nikampitishia vyote kwenye sinia, kimoja kimoja, kimefungwa kwa leso. Kavitazama kwa mwanga wa dirisha la ngazi. Vizima vyote. Nikasikia kiatu chake kikigonga ngazi.

"Basi sijui," kasema. Nimempenda kwa hilo. Silima hakupata kusema sijui maisha yake yote.

24 Aprili

Nataka niiandike siku hii sawasawa.

Masoud kanambia niangalie pale miguu ya vile vichupa inapoingia. Nikasogeza taa. Kila tundu limezibwa na kitu cha hudhurungi, kinanata. Kimeshika kwenye waya, kwenye vifundo kwa ndani, kwenye lile gurudumu la mpira linalozungusha santuri. Sisimizi wamekufa humo kwa wingi. Nikakikwangua kwa ukucha.

"Kinanukaje?" akauliza Masoud.

Nikakisogeza puani, na Silima akaingia chumbani. Siwezi kueleza vyengine. Ni udi. Udi wetu wa sukari, ninaoupika mwenyewe juu ya mkaa uliopungua moto, nikautia marashi na mafuta ya viungo. Kila Alkhamisi magharibi nikiuwasha, na Silima anachukua chetezo anakitua juu ya gramafoni, karibu na zile tundu za kutolea joto, anasema mgeni wetu huyu naye anukie, kesho Ijumaa. Moshi ukaingia, sukari ikaganda, mwaka mzima, Alkhamisi baada ya Alkhamisi. Mimi nimemlaumu Muhiddin. Nimelaumu mvua na nimewalaumu wale wa barazani. Kumbe tumeiua wenyewe kwa kuipenda, mimi nikipika na yeye akifukiza.

Nikalia kwa sauti. Kisha nikaogopa, maana kizuka haramu kwake manukato, na mimi nimekaa hapo na udi umejaa pua. Nikatupa kile nilichokwangua, nikaanza kujifuta na kanga.

Bi Mwatum alinyanyuka kwenye kigoda. Aliinama pale nyuma ya sanduku, kwa shida, magoti yake mabovu, akanusa. Akabaki ameinama hivyo. Nilidhani atanikemea.

"Hukujitia," akasema. "Umekujia wenyewe. Hilo halina dhambi." Akanusa tena, ndiyo akarudi kukaa.

Nyuma ya pazia Masoud akauliza kuna nini huko, mbona kimya. Bi Mwatum akamwambia, "Udi. Mwanangu alikuwa akiifukiza." Hakuwa amemtaja mwanawe mbele yangu tangu siku tuliyozika.

25 Aprili

Masoud kasema isafishwe kwa spiriti na pamba, mguu kwa mguu. Mimi na Wanu tukabishana kama spiriti ni manukato au si manukato. Bi Mwatum kainusa chupa, kakunja uso. "Hii si manukato. Hii ni adhabu."

2 Mei

Nasafisha. Mvua ya masika imeshika kweli, ngazi inavuja, Masoud anakaa na mwavuli ndani ya nyumba.

3 Mei

Nasafisha.

6 Mei

Nasafisha. Mkono wa kushonea kofia ndio unaofaa hasa, vitundu vile vile vidogo, subira ile ile. Tofauti ni kwamba kofia hairushi umeme. Nimejua majina ya vitu. Nimejua kipi kinaleta sauti na kipi kinaipunguza. Jana usingizini nilikuwa nafungua parafujo.

Bi Mwatum siku hizi ananishikia taa. Anaielekeza pale pale ninapotaka kabla sijaomba.

17 Mei

Usiku wa Maulidi. Tumesikia kaswida kwa mbali, upepo ukileta na kuondoa. Nikamwuliza Bi Mwatum kama Silima alikuwa mkelele tangu utoto. Kasema alizaliwa kimya, mkunga akadhani kafa, akampiga mgongoni. "Tokea hapo hakunyamaza tena." Nilimjua mtu huyu miaka kumi na moja, na hili sikulijua.

Nilikuwa nikimwona mama huyu mlinzi, kaletwa kunichunga. Leo naona kaja kukaa pale mwanawe alipokaa, na hakuwa na njia nyengine ya kulisema hilo.

23 Mei

Redio inasema! Kwa kunong'ona, lakini inasema. Santuri bado haizunguki, lile gurudumu la mpira limekauka. Masoud atakata duara kwenye mpira wa ndani wa baiskeli.

Hataki malipo. Kasema akichukua kitu kwa kizuka mkewe atamfukuza. Nikasema nitamshonea kofia. Bi Mwatum akachukua uzi, akatoka nje ya pazia, akampima kichwa mwenyewe.

28 Mei

Masoud kaleta mpira. Umekataa, mnene mno.

3 Juni

Mpira wa pili, mwembamba. Masoud hakuwepo, kauacha kwa Wanu. Bi Mwatum alikuwa amelala mchana chumba cha pili. Nikauvisha, nikachomeka waya, nikaweka santuri aliyokuwa akianza nayo Silima kila jioni, sindano mpya ya Muhiddin, na sauti nikaiweka chini kabisa, nimelaza sikio juu ya mbao.

Ilizunguka. Ikaimba mpaka mwisho bila kukosea.

Nilipiga sijida ya shukrani pale pale, kisha nikaizima, nikarudisha ubao wa nyuma. Nimemwambia Wanu peke yake, na yeye kamwambia Masoud. Bi Mwatum sikumwambia. Naandika tu kwamba sikumwambia. Sijui kwa nini.

Najua kwa nini.

10 Juni

Mvua zimekatika. Borafya kaja bila muhogo wala nazi, nikajua kuna jambo. Hata salamu aliitoa kwa haraka.

"Shikamoo mama. Nimesikia kule kwamba kuna mwanamume anapanda ngazi hii kila siku mbili, na shemegi anamshonea kofia. Kizuka!"

Damu ilinipanda. Nilifungua kinywa, Bi Mwatum akanizuia kwa kiganja.

"Marahaba. Kila alipokuja nlikuwa nimekaa hapa, kati yao. Unanuliza nini, Borafya? Unataka kunambia nlikuwa nimelala?"

"La, mama, lakini kofia..."

"Kichwa nlimpima mimi. Ukitaka na wewe inama ntakupima."

Kisha akamalizia kwa Kimakunduchi, haraka haraka, sikuambulia kitu, ila nilisikia Borafya anashuka kutoka ngazi moja hadi ya chini yake. Sijapata kutetewa hivyo na mtu. Hata na Silima.

Borafya akatafuta maneno ya kujitoa. "Basi na hiyo mashine yenyewe, imepona?"

Ilikuwa zamu yangu kusema. Nilikuwa nyuma ya pazia, hatua moja kutoka kwake, na nilinyamaza. Bi Mwatum akasema, "Mimi mambo ya mashine siyajui."

"Nlijua tu," akasema Borafya, na sauti yake ikawa ya huruma kweli. "Basi hatutaihesabu kwenye mirathi. Iwe ya shemegi, bure, juu ya fungu lake. Akitaka mbao, akitaka kuni."

14 Juni

Wanu kafurahi mpaka kapiga vigelegele, nikamziba mdomo. "Mwenyezi Mungu kakufungulia riziki, na wewe huna ulilosema. Kasema mwenyewe! Kapewa nani? Wewe. Kaiua nani? Wewe. Kaifufua nani? Wewe. Sasa dhambi iko wapi?"

Maneno yake yana mantiki. Nimeyarudia kutwa nzima nikishona, na kila nikifika mwisho yanakuwa matamu zaidi. Kazi ni yangu. Mkono uliorushwa ni wangu. Naitaka gramafoni ile. Naandika wazi, naitaka kuliko nilivyopata kutaka kitu, kwa sababu ndiyo nyumba yangu, ndiyo kuamka saa niitakayo, ndiyo kutositiriwa na mtu. Nikisema ni nzima, inauzwa, robo yangu inaliwa kwa miezi michache, na mimi nipo Makunduchi nakuna nazi za mke mwenzangu.

Lakini katika hiyo mashine kuna fungu la mama. Borafya nikimdhulumu moyo haunisumbui sana, Mungu anisamehe. Yule mama aliyenishikia taa ndiye ninayemwona.

Leo kaniletea chai, bila kuombwa. Sikuweza kuinywa mbele yake.

22 Juni

Sijaigusa mashine. Nimemwambia Masoud asije, kazi imekwisha. Kofia nimempelekea kwa mkono wa Wanu.

30 Juni

Mchuzi chumvi ilizidi. Bi Mwatum hakusema kitu.

8 Julai

Nimetoka eda. Wanawake wamekuja asubuhi, wameniogesha, wamenisomea dua, nimevaa nguo ya rangi. Nimeshuka ngazi mpaka mlangoni nikatazama njia. Mwanga ulinichoma macho. Bwana mmoja mdogo, mwembamba, amevaa kofia niliyoshona mimi, alikuwa amesimama upande wa pili, akasema kwa ile sauti nzito, "Bi Shemsa, hongera." Huyo ndiye Masoud! Nilikuwa nimemchora mtu mara tatu yake. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Mirathi kesho kutwa, baada ya sala ya Ijumaa.

10 Julai

Alikuja Mwalim Hasan wa chuoni, ndiye anayegawa mirathi mtaani kwetu, na Borafya na Bi Mwatum. Mimi nilikaa mkekani pembeni yao nimejitanda. Kitanda. Kabati. Saa ya ukutani. Cherehani, ambayo ni yangu toka kwetu, ikatolewa. Borafya alikuwa muungwana kwa kila kitu, na hilo lilinizidishia uzito.

"Na hili sanduku?" akauliza Mwalim.

"Hilo limekufa," akasema Borafya. "Tumekubaliana tumwachie shemegi, lisihesabiwe."

"Nyote mmeridhia?"

Borafya akasema ndiyo. Mwalim akamgeukia Bi Mwatum. Bi Mwatum alikuwa anavuta tasbihi, macho chini, punje hakuziachia. Mwalim akanigeukia mimi.

Nilikuwa nimejipangia neno. Nimeridhia, basi, neno moja, na halikuwa hata uongo. Nikalifungulia mdomo likakataa kutoka. Nikanyanyuka, nikaenda ukutani, nikachomeka waya, nikaweka santuri ile ile.

Mashine hizi hazisemi papo hapo, zinangoja zipate moto. Kisha ikaanza, na mimi nikaizungusha sauti mpaka mwisho, nikafungua na dirisha, ili jambo likishatoka litoke kweli. Chini barazani mtu akapiga ukelele, "Silima!" kisha akajikumbuka.

Nikaizima. Borafya alikuwa amesimama.

"Tokea lini?"

"Tokea mwanzo wa mwezi wa sita."

"Nilipokuja nkauliza..."

"Nlikuwa najua. Nlinyamaza."

Alinitazama kwa uchungu zaidi kuliko hasira. Mwalim Hasan akasema kwa upole kwamba basi imo ndani ya mirathi, itathaminiwa na kuuzwa, na kila mtu apate haki yake. Nikasema sawa. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri nguo zipi nitachukua Makunduchi.

"Haiuzwi," akasema Bi Mwatum. "Fungu langu natwaa hiyo. Likipungua ntalipa kwa minazi yangu."

"Mama," akasema Borafya, "Makunduchi kwetu hakuna umeme."

"Nnajua hakuna."

"Sasa utaipeleka wapi?"

"Siipeleki pahala. Ntakaa nayo hapa."

"Lakini nyumba nshaitafutia mpangaji."

"Mtafutie nyengine. Nyumba ya baba yenu na mimi nina changu ndani yake, au nshakufa siku hizi?"

"Na hapa mjini nani atakutazama?"

Bi Mwatum alinielekezea midomo tu. Mwalim akainamia karatasi yake akaandika, na Borafya akakaa taratibu. Nadhani alikuwa amechoka, naye pia amefiwa na kaka, na sisi wote tulikuwa tumelisahau hilo.

Walipoondoka nikampigia magoti yule mama, nikamwuliza alijua lini. Kasema siku ile ile ya kwanza. Ukuta ni mwembamba, na wimbo ule kila akija mjini mwanawe alimlazimisha ausikilize.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Nlikuwa nakungoja. Usingeiwasha leo ningeridhia, nkakuachia, nkaenda zangu Makunduchi." Akafikiri kidogo. "Na ningekuwa nakuombea dua huko. Lakini kukaa na wewe nyumba moja, nisingekaa."

11 Julai

Kasema uji mwepesi mno. Uji ulikuwa sawa kabisa. Nimemwongezea unga.

24 Julai

Arusi ya kwanza, mpwa wake Wanu, uani Kikwajuni. Hamali wawili walibeba mashine, Bi Mwatum nyuma yao akiwagombeza njia nzima. Huko alikaa kitini ubavuni mwa gramafoni kwa buibui jipya, hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa. Mimi nilikuwa chini mkekani, bisibisi mkononi, nageuza santuri na kulisikiliza gurudumu.

Bibi mmoja wa upande wa bwana arusi akamwuliza, kwa zile sauti za wanawake wanaotaka kujua ya watu, yule msichana anayechezesha mashine ni nani wake, mwanawe au mke wa mwanawe.

Nilijiinamia. Nilijua jibu litakuja na neno marehemu ndani yake, na watu watageuka kunitazama kwa huruma.

"Huyo?" akasema Bi Mwatum. "Huyo fundi wangu." Kisha akaniinamia sikioni na kuniambia niongeze sauti, wa nyuma hawasikii.